Nafasi ya Katikati

Vern Stadtmueller alimwonea donge Leroy Pflueger kwa miaka arobaini na saba, na sababu ilikuwa nafasi moja ya kusimama, upana wake hauzidi mabega ya mtu.

Wapiga ngoma ndogo wa kikosi chao cha gwaride, huko Wisconsin, Marekani, walikuwa tisa katika mstari mmoja. Wa katikati ndiye bwana wao. Wanane waliobaki humtegea sikio yeye. Leroy alikuwa katikati. Vern alikuwa kushoto kwake. Walipotimiza miaka ishirini na mmoja, umri wa kutolewa kikosini, vijana waligombea vijiti vya Leroy, vimefungwa tepu nyeupe, ncha zimelika. Vya Vern hakuna aliyeviomba. Akarudi navyo nyumbani, na mpaka leo vipo gereji, juu ya friji ya bia.

Hasidi hana sababu, husema watu. Vern alikuwa nayo, na aliitunza kuliko gari lake. Alichomelea matangi ya maziwa hadi akastaafu, na kila alipogusia mambo ya ujana, mkewe Arlene alijua litakalofuata.

"Huyo Leroy si ungemuoa wewe tu," alimwambia, "mimi nikapumzika."

Mwaka huu wazee wa kikosi waliitana wapige kwenye gwaride la Julai Nne, sikukuu ya uhuru. Siku ya mazoezi, kwenye maegesho ya shule, Leroy alifika mkono wake wa kulia ukitetemeka. Akaenda mwenyewe kusimama mwisho wa mstari, upande wa kulia.

"Vern, katikati ni pako sasa, bwana. Mimi natetemeka kama jeli."

Watu wakamkumbatia, wengine wakifuta machozi. Vern akauonea wivu hata ule ugonjwa. Kisha akasogea katikati, kifua mbele.

Wakaanza. Darlene, aliyekuwa akiwafundisha, akawasimamisha.

"Vern, umechelewa."

Wakarudia. Akachelewa tena. Mara ya tatu mama yule akavua miwani.

"We Vern! Wa katikati ndiye anayeongoza. Unamsubiri nani?"

"Ngozi ya ngoma imelegea," Vern alisema.

Ngozi haikuwa na kosa. Sikio lake la kulia lilikuwa limekwenda lenyewe hadi mwisho wa mstari, kumtafuta Leroy, na mikono ilikuwa ikingoja pigo lake. Kutetemeka kote kule, lakini kijiti cha Leroy kilitua palepale kinapotakiwa.

Vern akatembea mpaka mwisho wa mstari.

"Rudi mahali pako."

"Na mkono huu?" Leroy akauliza.

"Na mkono huohuo. Nenda, kabla sijakuchapa."

Leroy akaenda. Vern akasimama kushoto kwake, roho ikimuuma kama alipokuwa na miaka kumi na saba, akatega sikio, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akapiga kwa wakati.