Kosa Nililolitafuta kwa Rafiki Yangu

Mimi ndiye niliyemfundisha. Tulikuwa marafiki tangu chuo, na kila Jumamosi alitoka Kajiado mjini kuja kwangu Kitengela kwa sababu intaneti yangu haikatiki. Nilimwonyesha jinsi ya kutuma marekebisho kwenye programu huria, ile inayoendesha kompyuta yenyewe, ambayo yeyote anaweza kuirekebisha mradi wasimamizi wakubali. Mimi nilikuwa nimetuma mara tatu, na mara zote niliona nimekataliwa.

Siku moja akanipigia simu. "Wamekubali! Jina langu limeingia!"

"Umerekebisha nini?"

"Yale maelezo ya zamani. Yalikuwa yanataja vitu vilivyokwishafutwa kitambo. Nimeyasafisha."

Maelezo! Maneno ambayo waandishi wa programu huwaachia wenzao pembeni, na ambayo kompyuta hata haiyasomi. "Hongera," nilisema, ulimi mzito. Jumapili mamake akamsimamisha kanisani, akapigiwa makofi. Alinisimulia akiona haya, nami nikacheka kwa meno tu.

Wiki hiyo sikufanya kazi yangu. Nilipitia yake mstari kwa mstari nikitafuta kosa, nikalipata: katika faili nyingine, maelezo yale yale ya zamani yalikuwa yamebaki. Ningeweza kumpigia simu. Badala yake niliandika kwenye barua pepe inayosomwa na wasimamizi wote kwamba kazi haijakamilika, na kwamba aliyeifanya hakuwa makini.

Alijibu mbele ya wote: asante, sikuwa nimeliona hilo. Kesho yake akatuma marekebisho mapya, na chini, mahali pa kumtaja aliyegundua tatizo, akaandika jina langu. Yakakubaliwa. Hivyo ndivyo jina langu lilivyoingia mle kwa mara ya kwanza.

Jumamosi alikuja kama kawaida. Kabla hajaketi nikamwambia, "Ile barua niliandika kwa wivu."

"Nilijua," akasema. "Wewe unanipigia simu kila mara, hata kwa mambo madogo. Hiyo ya kuniandikia mbele ya watu iliniuma." Akavuta kiti. "Haya, nionyeshe kazi zako walizokataa."

Akasoma, kisha akaweka kidole kwenye skrini. "Hii ya mwisho hawakukataa. Wameuliza swali tu. Mbona hukujibu?"

Nilianza kuandika jibu, yeye akiwa kando yangu, na hata hapo nilimwonea wivu kwamba yeye ndiye aliyeliona.