Jeshi la Plastiki la Baba

Baba yangu alikuwa na sheria moja ambayo hata pasta hangethubutu kuigusa: askari ambaye hajapakwa rangi haingii mezani. "Huyo bado yuko uchi," alisema, "na mtu hawezi kuenda vita uchi." Askari wenyewe walikuwa wa plastiki, wafupi kuliko kijiti cha kiberiti. Meza ilikuwa mlango mkuukuu uliolazwa juu ya kreti za soda, sebuleni kwetu Kamenu. Majirani walidhani mwalimu mstaafu wa historia ameanza kurudi utotoni. Nami nilidhani hivyo, na nilifurahia kumcheka. Sasa hayupo, na ule mlango tumeurudisha stoo.

Mchezo wenyewe si mgumu. Kila upande unasogeza watu wake kwa zamu, umbali unapimwa kwa rula, na dadu zinaamua nani ameanguka. Baba aliuanza wakati ndugu yangu anayeishi ng'ambo alipomtumia maboksi mawili, moja la Wahabeshi na jingine la Waitaliano. Vita vya Adwa alikuwa amevifundisha kwa chaki miaka yake yote ya kazi, jinsi Wahabeshi walivyowatandika Waitaliano milimani, na alikuwa hajachoka kuvisimulia. Sasa alitaka kuviona kwa macho. Milima aliichonga kutokana na lile povu jeupe linalokuja na televisheni mpya. Nyasi zilikuwa majani ya chai yaliyochujwa, yakaanikwa juani, kisha yakabandikwa kwa gundi. Mpaka leo nikichuja chai mkono wangu husita kidogo kabla ya kumwaga makapi.

Waitaliano aliwapaka wote mwenyewe. Alipofika kwa Wahabeshi, mkono wa kulia ulianza kutetemeka, na baada ya miezi michache wa kushoto ukafuata. Brashi ikawa haishikiki. Wahabeshi wakabaki ndani ya boksi, wa kijivu, jeshi zima, na ile sheria yake ikamfunga mwenyewe. Kila nikija kumwona nilimkuta ameketi mbele ya meza yenye milima, nyasi na upande mmoja tu wa vita.

Lazima niseme hatukuwa na amani sana, mimi na yeye. Niliacha chuo cha ualimu katikati nikafungua kibanda cha kupaka kucha rangi huko Kiuu, upande wa Ruiru. Watu wakimuuliza siku hizi nafanya kazi gani, alijibu, "Yuko Ruiru," kana kwamba Ruiru ni kazi. Aliniita maitu, yaani mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Ila tangu niache chuo, neno hilo lilikuwa limeadimika kinywani mwake.

"Baba, nipe hao watu niwapake," nilimwambia siku moja. "Hiyo si ndio kazi yangu?"

"Kazi yako ni kucha," akasema. "Hii ni historia."

Nilikasirika vibaya sana. Niliondoka hata chai sijamaliza. Lakini kabla ya kutoka nilichomoa askari mmoja kwenye boksi nikamtia mfukoni, na huo nakiri ulikuwa wizi.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, nilimsimamisha yule Mhabeshi kando ya kikombe cha baba. Nilikuwa nimempaka kwa zile rangi za maji ninazochorea maua kwenye kucha, na kwa brashi yenye unywele mmoja au miwili. Shuka nyeupe yenye mstari mwekundu pembeni, ngao ya mviringo, mkanda wa risasi, na macho. Baba alichukua lenzi yake ya kusomea Biblia, akaegemeza viwiko mezani ili mikono itulie, akatazama. Alitazama mpaka chai yake ikafanya utando. Mimi nilijifanya nasoma kalenda ukutani. Kisha nikasikia boksi likikwaruza sakafu. Alikuwa akilisukuma kwa mguu kuja upande wangu.

"Usiwachanganye na kucha, maitu," akasema.

Niliwapaka mwaka mzima, katikati ya wateja. Wanawake walikaa vidole vikikauka, wakaniuliza kama hao ni wa kuweka juu ya keki. Nikawaeleza Adwa, nami sikujua kwamba niliijua hivyo. Kosa kubwa lilikuja kwa jenerali. Joho lake nililikosea rangi, na bila kufikiria nikafanya kama ningefanya kwa kucha yoyote: nikachovya pamba kwenye rimuva, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, nikafuta. Rimuva inakula plastiki. Uso wa jenerali ukayeyuka mbele yangu, pua ikahamia shavuni.

Nilimpelekea baba hivyo hivyo, nikiwa na maneno ya kuomba msamaha niliyoyapanga njia nzima. Alimgeuza huku na huku, akaanza kucheka, akacheka mpaka nikamletea maji. "Huyu sasa ameona vita," akasema. "Wacha aongoze."

Tulicheza mara ya kwanza Jumapili ya mvua. Baba alichukua Wahabeshi, bila shaka, nami Waitaliano. Katika zamu yake ya kwanza alinyoosha mkono kusogeza mtu mmoja akaangusha safu nzima. Akaurudisha mkono chini ya meza haraka, kama ameiba kitu. Iliniuma.

"Wewe toa amri tu," nikamwambia. "Mimi nitasogeza."

Basi nikawa nasogeza majeshi yote mawili. Aliamuru kwa sauti ya darasani: kumi hao kushoto, wapanda farasi wangoje, jenerali apite katikati ya milima. Hapo ndipo alipokosea. Njia ile ilikuwa nyembamba, na mizinga yangu miwili ilikuwa karibu nayo, si zaidi ya rula moja. Nikiifunga, jeshi lake linakatika vipande viwili na mchezo umekwisha. Nilitazama mikono yake ilivyobanwa katikati ya magoti. Nilifikiria mwaka mzima aliongoja. Nikaisogeza mizinga upande mwingine.

Baba aliinama juu ya meza.

"Mbona hukufunga hiyo njia?"

"Sikuiona, baba."

Alitoa mkono chini ya meza. Kwa shida, akiangusha wawili, alimshika yule Mhabeshi wa kwanza, akaniinulia.

"Umemchorea huyu mboni ya jicho. Ndogo kuliko punje ya wimbi. Halafu unaniambia hukuona njia?"

Nilihisi joto mpaka masikioni.

"Kilicho mgonjwa ni mkono," akasema. "Si kichwa. Rudisha mizinga, ucheze."

Nikairudisha. Nikafunga njia, nikarusha dadu, zikanikubali. Niliwaondoa watu wake mmoja mmoja kwa vidole vilevile vilivyowapaka, na kila aliyetoka nilimjua, nilijua ni mteja gani alikuwa mbele yangu nikimchorea shuka. Mwisho nikamwondoa jenerali. Jumapili ile Waitaliano waliichukua Adwa, hapo Kamenu, Mungu anisamehe.

Baba aliutazama mlango mtupu upande wake. Nilingoja hasira. Ningeistahili, ingawa si kwa kumshinda.

"Sasa hapo tumecheza," akasema. Akavuta kiti karibu. "Wapange tena, maitu. Na usiniachie hata inchi."

Nilikuwa nimeshavaa koti niende Ruiru. Nikalivua, nikaanza kuwapanga upya, na macho yalikuwa yamejaa maji hata nikawa nawaweka Waitaliano upande wake, naye ananikemea.