Siku Niliyompeleka Baba Mtoni

Nilipookoka, nikiwa tayari mama wa watoto watatu na mwuza maharage katika soko la mpakani la Mpondwe, nilianza kumhesabu baba yangu miongoni mwa waliopotea. Alikuwa Mkatoliki tangu uchanga, mkulima aliyeshuka kila Jumapili kutoka milimani juu ya Bwera akiwa ameshika viatu mkononi, avivae mlangoni pa kanisa. Nilimwambia maji aliyomwagiwa kichwani utotoni hayakuwa ubatizo. Nilimwambia hivyo mwaka mzima, hata mbele ya wageni. Mwishowe akasema, "Kama hilo litakupa amani, mwanangu, twende."

Mchungaji wetu alimshika mabega katikati ya mto Lubiriha, akamwuliza kama anamwamini Yesu.

"Tangu utotoni," baba akajibu.

Watu walicheka. Nami nilicheka. Alizamishwa, akatoka akitetemeka, nikamfunika khanga yangu huku nikiimba kuliko wote.

Wiki kadhaa baadaye, jirani yangu sokoni, mama Mkongomani wa Butembo anayesali kanisa la baba, alinisogelea. "Mama, papa yako hapokei tena komunyo. Iko anakaa nyuma kabisa, karibu na mulango. Juu ya nini mulimuzamisha tena?"

Nilijifanya napima maharage.

Jumapili iliyofuata nilidanganya kanisani kwetu kwamba naumwa, nikaenda kusali kanisani kwa baba. Walisali Baba Yetu ileile. Walimkiri Yesu yuleyule aliyekufa akafufuka. Nilijikuta naitikia bila kukumbushwa na mtu. Kisha watu wakajipanga kupokea, na baba akabaki peke yake kwenye benchi la mwisho, mikono katikati ya magoti, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Aliponiona alisogea, akanipa nafasi.

Misa ilipokwisha nilimfuata padri, nikamweleza yote. "Kosa ni langu," nilisema. "Alikubali ili anifurahishe."

"Ubatizo ni mmoja, mama," alisema. "Hata Mprotestanti akija kwetu, hatumbatizi upya. Baba yako kule mtoni aliogeshwa tu. Mwite tuzungumze."

Walizungumza, baba akaungama, na Jumapili iliyofuata akapokea. Siku hiyo, tukipanda mlima kurudi kwake, nilimwomba msamaha.

"Niliogopa kukupoteza," alisema. "Ulikuwa umeacha kula kwangu."

Ni kweli. Kwa miezi mingi nilikuwa nakataa chakula chake kwa sababu ya rozari iliyoning'inia ukutani. Nilidhani hakutambua.

Bado nasali kanisani kwetu, na Kristo nimemwona huko kweli. Lakini mchungaji hupenda kumtaja baba katika mahubiri, mzee aliyetolewa gizani. Watu hupiga makofi, hugeuka kunitazama. Mimi hutabasamu. Mpaka leo sijasimama hata mara moja kusema kwamba mzee huyo hakuwa gizani.