Mgeni wa Kwenye Kiti

Kwetu mtoto wa kike hasalimii akiwa amesimama. Unafika mlangoni, unaweka mzigo chini, unapiga magoti, ndipo unafungua mdomo: "Mwadila, mayu." Hiyo ndiyo salamu ya Kisukuma ya mchana ukimpa mama yako. Hata uwe na wajukuu, hata uwe umevaa mkufu wa dhahabu ya Geita shingoni, ukifika kwa mama unashuka chini. Nilifanya hivyo miaka yote bila kuwaza, kama mtu anavyovua viatu. Sikujua kwamba kushuka ni kazi mpaka nyonga yangu ya kulia ilipokataa.

Ilikwisha taratibu. Nilikuwa nafanya biashara ya mchele, nanunua Kahama nauza Shinyanga mjini, na magunia mengine niliyapakia mwenyewe kwa ubishi tu. Kwanza nikachechemea, kisha nikashika fimbo, kisha nikawa nalala nimekaa. Daktari wa hospitali kubwa akaniambia mfupa umesagika, watakata kichwa chake waweke cha chuma. Nilimuuliza swali moja: "Nitapiga magoti?" Akatabasamu, nadhani alifikiri nazungumzia kanisani. "Mama, utatembea vizuri, hilo ndilo la muhimu." Ningesikiliza sawasawa ningejua kwamba hakunijibu.

Ni miaka kadhaa sasa tangu wanipasue. Kutembea natembea. Lakini maumivu, jamani, hayakuondoka, yalihama tu. Zamani yalikaa kwenye kinena. Sasa yameshuka pajani, pale chuma kinapoishia. Nikikaa, yananisubiri nisimame. Nikisimama, yananiacha hatua chache, halafu yanakumbuka. Mvua ikitaka kunyesha mimi ndiye wa kwanza kujua Ngokolo nzima, mtaa ninaoishi hapa Shinyanga. Nimemeza vidonge mpaka tumbo likalalamika, wakanipa na vidonge vya tumbo.

Nilirudi hospitali, wakapiga picha. Safari hii nilikutana na daktari mwingine, kijana mpole, akaiinua picha kwenye mwanga akaitazama kwa muda mrefu. "Mama, kiungo kimekaa vizuri kabisa."

"Kiungo kimekaa vizuri, baba," nikamwambia, "mimi ndiye sijakaa."

Hakuniudhi. Alikiri kwamba wapo watu wanaobaki na maumivu, na sababu yake wakati mwingine haionekani kwenye picha. Akanielekeza mazoezi, akanikataza upya: nisichuchumae, nisikalie kigoda, nisikunje mguu nikashuka chini. Nilipofika nyumbani nilibamiza mlango mpaka ufunguo ukaanguka. Watu wakiniambia "pole" najibu "nimeshapoa", maana ndivyo tulivyofundishwa kujibu. Nimepoa wapi! Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Haya yote ningeyabeba. Lililonishinda ni mama yangu.

Mama anaishi kijijini, upande wa Geita, kwenye nyumba niliyozaliwa. Kaka yangu anashinda machimboni, kwa hiyo anayemtunza ni mke wa kaka, wifi yangu. Macho ya mama yalifungwa na mtoto wa jicho. Alikataa kupasuliwa, akasema aliyoyaona yanatosha. Baadaye na kumbukumbu ikaanza kuvuja. Siku nzima anakaa kwenye mkeka karibu na mlango, mgongo ukutani, miguu kainyoosha, anachambua choroko kwa vidole. Kitanda ni cha usiku na kiti ni cha wageni, ndivyo anavyoamini.

Zamani, nikishapiga magoti mbele yake, alikuwa ananyoosha mkono anakishika kichwa changu kizima, anakipapasa kama mtu anayechagua tikiti sokoni. "Kichwa hiki!" anasema. "Kichwa cha baba yako." Huo ulikuwa utani wake, na ndiyo ilikuwa baraka yake. Mama si mtu wa kukumbatia. Mimi kwake ni kichwa, na kichwa kilimfikia nilipokuwa chini.

Baada ya upasuaji nikaanza kuletewa kiti. Wifi, ambaye Mungu amempa akili, alitoboa kiti kingine cha plastiki katikati akaniwekea chooni, kwa kuwa choo chao ni cha shimo na mimi sichuchumai. Basi nikawa na viti viwili nyumbani kwetu, kama bwana shamba. Nikawa nasalimia kwa juu. Mwanzoni mama alielewa, alikuwa anasema, "Kaa, mgonjwa wangu." Kisha akasahau kwamba nilipasuliwa. Kisha ikaja siku nikasema "Mwadila, mayu," naye akainua uso, akasikiliza sauti inatokea wapi, akamgeukia wifi kwa adabu kabisa.

"Mwambie mama afisa wa afya," akasema, "chandarua tulishapewa."

Wifi alicheka. Na mimi nilicheka. Halafu nikatoka nje, nikashika ukuta wa jiko, nikalia kwa hasira.

Tangu siku hiyo sikuwa mtoto tena pale. Nikisema, "Ni mimi, mama, binti yako," anatikisa kichwa. "Binti yangu hupiga magoti. Huyu yuko juu." Wifi alimweleza habari za chuma, mama akasikiliza mpaka mwisho, akampa pole mgeni, kisha akauliza binti yake atakuja lini. Nilijaribu kuinama kutoka kitini nimpe kichwa. Nyonga ilinikamata katikati ya njia, mkono wake ukapapasa hewa, ukarudi kwenye choroko.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba alinisengenya kwangu mwenyewe. "Nina binti mmoja," akaniambia mimi mgeni, "yuko Shinyanga. Amenitupa. Hata kuja kunisalimu hataki." Nami nimekaa pale, mikono mapajani. Nimetoka alfajiri na basi, kufika Kahama nikasimama kwenye korido ya basi kupumzisha mguu, kisha nikabanwa kwenye mchomoko, hivyo vigari vidogo vya abiria visivyojua kujaa, paja likiniwaka moto njia nzima. Nilitaka kumfokea mama yangu, Mungu anisamehe. Nilimwambia, "Atakuja, bibi." Nilimwita mama yangu bibi, kama afisa.

Siku hiyo wakati narudi barabarani, wanaume wawili walikuwa wanapitisha mashine ya kutafutia dhahabu kwenye shamba lililokwisha kuvunwa. Nikapita kando yao, mashine ikapiga kelele. "Mama, una mzigo!" mmoja akasema, akidhani nimeficha dhahabu. Nikamwambia ni chuma cha hospitali, kipo hapa kwenye nyonga, achimbe akitaka, tena nitashukuru. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi nilienda zangu nikiwaza: mashine ya watu wasionijua imenijua kwa kupita tu. Wazo hilo halikuwa tamu hata kidogo.

Hofu yangu ilikuwa wazi na sikumficha mtu. Mama atakufa akiamini nimemtupa. Hakuna wa kumweleza huko aendako.

Basi nikaanza mazoezi yangu, si yale ya daktari. Chumbani kwangu Ngokolo nilishusha godoro sakafuni, nikashika ukingo wa kitanda, nikajaribu kushuka. Nilifika nusu nikaangukia ubavu, nikajiburuta, nikabaki nimelaza paji la uso kwenye godoro bila nguvu ya kuinuka. Ndivyo alivyonikuta jirani aliyekuja kuazima mwiko. Jirani huyu ni Mwislamu, mtu wa Kigoma, mjane kama mimi, na mdomo wake hauna breki.

"Ee! Jirani, umesilimu bila kuniambia?"

Nilicheka mpaka paja likalia, kisha kicheko kikageuka. Akanishika kiunoni akaniinua, akanikalisha kitandani, akanipikia chai kwenye jiko langu bila kuuliza sukari iko wapi. Nikamsimulia yote. Akaniambia naye siku hizi anaswali kwenye kiti, magoti yamekwisha, na Mungu anapokea.

"Mungu anajua kwamba naumwa," nikamwambia. "Mama yangu hajui."

 Aliosha vikombe, akaondoka na mwiko.

Mwaka huu, mawingu ya mvua yakiwa yameanza kukusanyika na mimi nikiwa nimeshinda kitandani kwa sababu hiyo, wifi akapiga simu. "Wifi, njoo. Mama hali chakula. Uji anatema. Anamwita binti yake."

"Nikija atasema ni afisa."

 Nyuma ya wifi nilimsikia mama akinung'unika, sauti nyembamba, ananiita kwa lile jina la utotoni ambalo hakuna mwingine aliye hai analolijua. Nikafunga kanga, nikachukua fimbo.

Nilipofika, kiti kilikuwa kimeshawekwa, kimefutwa vumbi. Mama alikuwa mkekani. Hata katika hali ile alikataa kitanda mchana. Amepungua mpaka blanketi lilionekana limemkalia badala ya yeye kujifunika. Choroko hazikuwepo, vidole vilikuwa vinachambua hewa.

"Ondoa hicho kiti," nikasema.

"Wifi, daktari alisema..."

"Daktari hana mama hapa. Ondoa."

Akakiondoa. Mkono wangu wa kushoto ukashika mwimo wa mlango, wa kulia ukashika bega la wifi, na fimbo nikaiacha ianguke. Nikatanguliza goti la mguu mbovu. Ndani ya paja kitu kikavutika, kikavutika tena, moto ukashuka mpaka kwenye ugoko, na nikatoa sauti ambayo sikuitoa hata nilipokuwa nazaa. Wifi akasema tuache. Sikumsikiliza. Goti likagusa udongo. Nikapumua. Nikaleta la pili, jasho linaniingia machoni, meno nimeyauma, namlaani kimoyomoyo aliyebuni salamu za magoti, namlaani aliyebuni chuma. Kisha nikawa chini. Miaka yote hiyo nilikuwa sijauona uso wa mama kutoka pale. Ni uso mwingine ukiutazama kwa chini.

"Mwadila, mayu."

Vidole vikaacha kuchambua. Mkono ukaja taratibu, ukatua utosini, ukashuka nyuma ya masikio, ukarudi juu. Ulikuwa mwepesi kama jani la mhindi.

"Kichwa hiki," akasema. "Kichwa cha baba yako."

Nikakisukuma kichwa zaidi kwenye kiganja chake.

"Ulinitupa kwa nini?"

"Nilikuwa naumwa, mama."

"Pole, mwanangu."

Nikafungua mdomo kujibu nimeshapoa, kama ninavyowajibu wote, ulimi ukagoma. "Bado, mama," nikasema. "Bado inauma."

"Ee," akasema. "Inauma." Wala hakuniambia kiungo kimekaa vizuri. Mkono wake ukaendelea kupapasa kichwa changu, polepole, akinung'unika jambo kwa Kisukuma cha zamani nisilolishika lote. Nililia bila kujificha, na nilikuwa na furaha, na maumivu yalikuwa makali kuliko siku yoyote ya maisha yangu, vyote kwa pamoja.

Wifi aliona ninavyotetemeka. Akaja nyuma yangu, akanishika kwapani. "Basi, wifi, amekujua. Inuka sasa." Nilijaribu. Miguu haikuwa yangu. Nikajaribu tena, nikapanda kidogo, nyonga ikanirudisha chini kama mzigo uliomshinda mbebaji. Wifi akaita watu waliokuwa nje waje wasaidie kuninyanyua, nikasikia ndala zao zinakimbia uani.

Mama alihisi kichwa kinataka kumtoka mkononi. Akakikamata kwa mikono yote miwili, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Mwacheni," akasema. "Ndio kwanza amefika."