Mama Elisante Alipokataa Kufunga Ngoma

Mama Elisante anauza mtama na ulezi sokoni Majengo, na mpaka leo anapepeta mwenyewe, hataki kusaidiwa. Kwa wateja wengi ni mama wa nafaka tu. Kwa Wagogo wenzake ni mpiga muheme, ile ngoma ya wanawake inayobanwa katikati ya mapaja na kupigwa kwa viganja. Yeye ndiye aliyeanzisha kikundi cha ngoma cha mtaani kwao Nkuhungu. Aliwafundisha wengi, lakini aliyemfundisha kwa upendo kuliko wote ni Erica.

Mumewe alipofariki, aliiweka ngoma chini mpaka msiba uishe. Alipotoka msibani alikuta Erica ndiye kiongozi. Hilo angelivumilia. Lakini Erica alikuwa amepita kwa wenye harusi akiwaambia, "Yule mama mkono wake una matanga. Akimpigia bibi harusi, mtajuta." Watu wakaogopa. Misimu ya harusi ikaja na kupita, hakuna aliyemwita. Hakugombana na mtu. Mara moja tu, huku anapepeta, alisema, "Simwombei afe. Namwombea uzima, tukutane uwanjani."

Walikutana Ihumwa, mwezi wa saba, mavuno yakiwa ndani na upepo baridi ukirusha vumbi. Ruthu alikuwa anamwoza binti yake, na Ruthu si mtu wa kutishwa na maneno. Kikundi kilipofika akatangaza mbele ya wageni, "Leo ngoma kubwa atapiga Mama Elisante. Mwanangu ndiye aliyemtaka."

Erica akacheka. "Apewe tu bibi yetu. Watu nao wanataka kuchekeshwa."

Alikuwa ameshafunga njuga miguuni. Siku hizo alikuwa hapigi, anaongoza wachezaji, maana simu za watu humfuata anayecheza. Akamkabidhi mwalimu wake ngoma isiyopashwa moto, ngozi imelegea, ukiipiga inaitika kama gunia.

Mama Elisante aliibeba mpaka kwenye jiko la pilau, akawa anaigeuzageuza karibu na makaa, anaigonga kwa kidole na kusikiliza.

"Mama, unapika?" mchezaji mmoja akamtania.

"Napasha kiporo cha kiongozi wenu."

Wapishi wakaangua kicheko, na Erica akajifanya anakaza njuga.

Kikundi kile kina sheria: kiongozi wa wachezaji haachi kucheza kabla ngoma kubwa haijafunga, na ngoma hufunga kwa mapigo matatu mazito. Akiacha, anavua njuga na uongozi unakwenda kwa mwingine. Erica aliijua vizuri. Alichokosea ni kudhani kwamba mwenye mvi ndiye atakayechoka kwanza.

Ngoma ilianza polepole, ndogo zikiifuata kubwa. Kisha Mama Elisante akaziashiria ndogo zinyamaze, akabaki peke yake. Kiganja cha kulia kilitembea ukingoni, cha kushoto kikichimba katikati, ungesema wanawake wanne wanatwanga kwenye kinu kimoja na michi haigongani. Akapunguza, akapunguza, mpaka zikasikika njuga peke yake, na pumzi ya Erica nyuma yake. Akapandisha tena. Kila aliporudi mahali alipokwishapita alikuwa ameongeza kitu kidogo, pigo la kuchelewesha, kidole cha kukwaruza ngozi, hata wazee waliokuwa wanakula wakaacha sahani. Binti wa Ruthu alisimama kitini kwake akilia na kucheka.

Ndipo yakaja mapigo ya kufunga. Moja. La pili. Vigelegele vikakaa tayari midomoni, Erica akainua mikono kumaliza. La tatu halikuja. Mkono ulitua ukingoni, kwa ulaini kabisa, na mwendo ukaanza upya.

Uwanja mzima ulipiga kelele. Akafanya hivyo tena. Na tena.

"Funga, mama!" Erica akasema, jasho likimtiririka.

"Bado, mwanangu. Mkono wenye matanga ni mzito kushuka."

"Nakuomba!"

"Cheza. Watu wanataka kuchekeshwa."

Ruthu akamsogelea mpigaji. "Dada, usiniulie mtu kwenye harusi yangu."

"Hafi huyo. Nilimfundisha mwenyewe."

Hakutabasamu hata kidogo, na hakuongeza kasi. Alipiga kwa utulivu ule ule mpaka magoti ya Erica yakakunjika, akakaa vumbini mbele ya wakwe na wageni. Njuga alivuliwa na wenzake.

Tangu siku hiyo harusi za Nkuhungu na Ihumwa zinamsubiri Mama Elisante apange nafasi. Erica alimfuata sokoni wiki iliyofuata, akasimama pembeni mpaka wateja wakapungua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mweupe au mwekundu?"

"Nimekuja kwa lile jambo, mama. Nirudi kikundini, hata kwa kubeba ngoma tu."

"Hapa nauza mtama, binti. Mweupe au mwekundu?"

"Mweupe," Erica akasema, na Mama Elisante akampimia vizuri, akamfungia mfuko, akamgeukia mteja mwingine.