Mkono wa Kushoto wa Shangazi Oliva

Piano ya misheni ilinuka panya na mafuta ya taa, na mvua za Mbinga zilikuwa zimeivimbisha hata vibonyezo vingine vikawa vinazama bila kutoa sauti. Shangazi Oliva hakujali. Alikuwa ameimba roki na kupiga piano katika bendi ya hotelini Dar es Salaam, mpaka soko huria lilipoleta disko na bendi ikavunjwa. Akarudi kwetu milimani, sauti imekauka, vidole vizima. Hakupiga kama masista, kwa ncha za vidole. Alipiga amesimama, mguu ukigonga sakafu, mkono wa kulia ukikimbia kwa mbwembwe, wa kushoto ukirindima chini bila kupumzika. Palipokuwa na kibonyezo bubu, alijaza pengo kwa kuguna. Nilikuwa msichana wa kwaya, na nilimpenda hadi nikaona wivu.

Kamati ya parokia ilikubali ajaribiwe Jumapili moja. Kama angepita, angekuwa mpiga piano wa kanisa. Nje ya hapo, hakuwa na piano nyingine ya kugusa. Wakati wa vipaji, waumini wakipeleka sadaka altareni, alianza kwa adabu, lakini mazoea yana taabu. Mkono wa kushoto ukarudi kwenye roki. Kina mama walioolewa kutoka Lundo, kule ziwani, wakasikia humo kioda, ngoma yao ya wanawake. Wakatua vikapu vya mahindi, wakajipanga mstari, wakacheza mbele ya altare. Baba yangu alipiga makofi. Babu, baba yao wote wawili, aliinamisha kichwa.

Mchana ule babu aliita sengu, kikao chetu Wamatengo ambapo wanaume wa ukoo hula pamoja na kuamua mambo ya nyumba. Mimi na mama tulipeleka ugali. Shangazi alipiga magoti mlangoni.

“Shikamoo, baba. Niruhusuni, nitapiga taratibu.”

“Marahaba. Umeleta ngoma altareni, mwanangu. Piano ile usiiguse tena mpaka nikuruhusu.”

Baba yangu alimega tonge, akatafuna. Nilimchukia.

Siku hizi kanisani kuna kinanda cha umeme. Kijana hubonyeza kitufe, ngoma ikajipiga yenyewe, na kina mama hucheza kioda mpaka altareni. Wanauita utamadunisho, yaani mila zetu kuingia ibadani, na kamati ndiyo inayoongoza makofi. Majuzi nilimpeleka shangazi. Kijana akainuka kwa heshima.

“Shikamoo, bibi. Karibu upige.”

Shangazi alikitazama kinanda, mikono magotini.

“Marahaba, mjukuu wangu,” akasema. “Baba hajaniruhusu.”

Babu tulimzika zamani.