Maziwa Yaliyokaa

Jirani yangu wa mtaa wa Carama ni muuza vitambaa, na mikono yake mikubwa imezoea mkasi. Tangu mkewe alazwe hospitalini, anamlea binti yao wa wiki tatu, ambaye hucheua maziwa kila akinyweshwa chupa na uzito ulikuwa umeshaanza kushuka. Humnywesha kidogo, husimama, humlaza begani na kumpapasa mgongo mpaka abeue.

Adhana ya Ijumaa ilimkuta hivyo, kanzu nyeupe imelowa maziwa.

“Nipe mutoto, wende musikitini,” nikamwambia.

“Apana, Mama Elvire. Nikimusogeza sasa, atarudisha yote. Mi nitasali hapa.”

Jumatatu nilimsindikiza zahanati. Muuguzi akasema mtoto ameongezeka gramu mia mbili. Jirani yangu akaomba taratibu, “Mupime tena, dada, nione.”